Tulipita mtihani wa maadili na mwakenya

Wasee, wacha niseme ukweli. Mwaka wa tatu chuoni, somo la maadili ya uhasibu, nilipata A. Wengi darasani walipata A. Na wengi wao waliingia na mwakenya kwa soksi. Mwakenya, kwa mtihani wa uadilifu! Tulitoka tukicheka. Siku hizi sicheki.

Ilibidi nifike atachi ndio nielewe. Ofisi ndogo tu, siitaji. Bosi alinipa kitabu cha risiti akaniambia, "Kijana, jaza hizi za mafuta, elfu kumi na nane." Na gari ya ofisi ilikuwa kwa fundi hapa Kariobangi Light Industries wiki mbili, imetolewa injini. Nilikuwa naipita kila asubuhi nikienda stage.

Kanuni tano nilizijua: uadilifu, kutopendelea, umahiri, usiri, mwenendo wa kitaalamu. Lakini hakuna aliyenifunza sentensi moja ya kumwambia mtu ambaye ndiye atanisainia logibuku. Nikajaza.

Jioni nikamwambia mathe. Yeye ni mweka hazina wa chama, hajakanyaga chuo. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Na mwandiko ni wa nani?"

Manze, hilo swali halikuwa kwa noti zetu.

Shida yangu na hili somo ni hiyo: tunafunzwa majina ya kanuni, hatufunzwi bei yake. Tulisoma Enron ya Marekani, iliyoanguka 2001, slaidi baada ya slaidi. David Munyakei hakutajwa hata mara moja. Huyu alikuwa karani kijana wa Benki Kuu ya Kenya, hapa hapa tao. Mwanzoni mwa miaka ya 90 aliona Goldenberg ikilipwa mabilioni eti kwa kuuza nje dhahabu na almasi, na Kenya haina hata mgodi wa almasi. Alitoa stakabadhi, zikafika kwa wabunge. Yeye ndiye alishikwa, akashtakiwa kwa sheria ya siri za serikali, akafutwa kazi. Alikufa 2006, hana kitu.

Hapo ndipo usiri na uadilifu hugongana. Kanuni zenyewe zinaruhusu kufichua sheria ikitaka hivyo. Lakini nani ametukalisha chini akatuonyesha unafanyaje hivyo bila kuzama?

Najua kuna watasema ukimpa mwanafunzi stori ya Munyakei unamtisha. Mimi naona kinyume. Anayejua bei anaweza kujipanga. Asiyejua atashtukiwa siku ya kwanza kazini, rent imefika, na atajaza kama mimi.

Kwa hivyo walimu, wekeni slaidi kando hata wiki mbili. Leteni kitabu cha risiti darasani. Mmoja awe bosi, mwingine awe wa atachi, ajaribu kusema kwa heshima: "Bosi, gari haikutembea wiki hiyo. Naomba uniandikie hayo maagizo." Atatetemeka, wenzake watacheka, ni sawa. Afadhali atetemekee hapo.

Mimi A yangu bado iko kwa karatasi. Na zile risiti ziko kwa faili mahali, mwandiko wangu.

Wewe ungemwambia bosi nini? Niandikie hapo chini.