Utafiti wa saratani: Somo la Mulago lisisahauliwe

KIFO cha Profesa Anthony Epstein, aliyefariki dunia Februari 2024 akiwa na umri wa miaka 102, kilipaswa kutukumbusha Waafrika Mashariki jambo moja: ugunduzi uliompa umaarufu ulianzia Kampala, tena haukuwa kazi ya mtu mmoja.

Mwaka 1958, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, aliandika kuhusu uvimbe wa taya uliokuwa ukiua watoto. Hakuwa mtaalamu wa virusi. Mwaka 1961, yeye na madaktari wenzake wawili walisafiri kwa gari takribani kilomita 16,000 kuelekea kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Ilibainika kuwa ugonjwa huo hufuata maeneo ya joto na mvua, sawa na malaria.

Mwaka huo huo Epstein alimsikia Burkitt akihutubia London. Vipande vya uvimbe vikaanza kupelekwa Uingereza kwa ndege, lakini kwa muda mrefu hadubini haikuonyesha kitu. Desemba 1963 ukungu uliilazimu ndege moja kutua Manchester. Sampuli ilichelewa, na ndani ya majimaji yake zikaonekana seli hai zikielea. Yvonne Barr alisaidia kuzikuza, Bert Achong akasaidia kuzichunguza, na mwaka 1964 vikatangazwa virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Daktari alikuwa na wagonjwa bila maabara. Maabara ilikuwa na mitambo bila wagonjwa. Kila upande peke yake ungebaki gizani.

Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1967, imeuendeleza moyo huo. Mwaka 2015 ilifungua jengo pamoja na kituo cha Fred Hutchinson cha Seattle, Marekani, ambamo kliniki na maabara zimo chini ya paa moja.

Hata hivyo, paa moja halitoshi iwapo mtafiti hupandishwa cheo kwa makala zake binafsi, na mtakwimu huitwa baada ya takwimu kukusanywa. Tusisahau pia kwamba sampuli zilitoka Kampala, lakini virusi vikapewa majina ya watafiti wa London. Ushirikiano wa kweli hugawana sifa.

Saratani ya Burkitt hutibika kwa dawa, mgonjwa akiwahi. Kujua kwa nini mtoto hucheleweshwa kijijini kunamhitaji muuguzi na mtaalamu wa jamii, sawa na anavyohitajika bingwa wa seli. Wote na wakae meza moja.