Waliofia nyumbani wamo katika hesabu ya nani?

Tarehe 8 Septemba 2021, mlipuko wa homa ya uti wa mgongo ulipotangazwa rasmi Banalia, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wagonjwa walioshukiwa walikuwa 261, na 129 kati yao walikuwa wamekwisha kufa. Karibu nusu! Mwanzoni mwa Desemba hesabu ilikuwa imefika wagonjwa 2,662 na vifo 205, yaani chini ya wanane katika kila mia.

Anayezisoma namba hizo harakaharaka atasema tiba imeshinda. Ni kweli sindano za ceftriaxone na chanjo ziliokoa watu. Lakini mwanzoni walioandikwa walikuwa hasa mahututi na marehemu. Wagonjwa walipoanza kutafutwa vijijini, wakapatikana na wenye dalili nyepesi, na kiwango cha vifo kingeshuka hata kama dawa isingebadilika. Ni kiasi gani kilitokana na tiba, na kiasi gani na hesabu? Asiyeuliza hivyo hajatathmini kitu.

Fungua rejista ya kituo chochote cha afya cha kijijini: jina, umri, kijiji, dalili, dawa, na mwishoni "amepona", "amekufa" au "amehamishwa". Huyo aliyehamishwa alifika hospitali kuu? Alibebwa kwa pikipiki, kwa mtumbwi katika mto Aruwimi, au alirudishwa nyumbani kwa kukosa nauli? Rejista haisemi. Wala haimtaji mama aliyebaki na mtoto wake kitandani kwa kuwa hakuwa na pesa ya kulipia matibabu. Panga, ulikoanzia mlipuko ule, ni eneo la machimbo lililo kama kilomita 270 kutoka Kisangani. Huko wengi hufa bila kuandikwa popote.

Matokeo yake ni dhuluma. Muuguzi anayeaminiwa huletewa waliozidiwa, na ripoti yake ya mwezi hujaa vifo. Kituo kinachokimbiwa na watu huonekana safi. Tukigawa dawa na fedha kwa kufuata karatasi hizo, tunamwadhibu anayefanya kazi.

Kwa hiyo tunawaomba waganga wakuu wa maeneo ya afya, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Kisangani, waanzie kwenye kaya: nani alikufa mwaka huu, alifia wapi, na alijaribu kufika kituoni? Makala za toleo lijalo la jarida hili tutazipima kwanza kwa majibu ya maswali hayo.