Motere ikigonga, tusikimbilie kuifungua



Kuko koperative ambazo bado ziko na gari ya zamani ndani ya hangari: Land Rover ya miaka ya 1970, Land Cruiser ya mazutu, kamioneti iliyoletwa kubeba kahawa, kisha vita ikafika na gari ikabaki palepale. Miaka inapita, kuku wanatagia kwenye kiti. Siku moja bei ya kusafirisha viazi inapanda, na kamati inakumbuka kwamba kumbe sisi pia tuko na gari. Bateri inanunuliwa, esanse inamiminwa, motere inawaka, watu wanapiga makofi. Dakika mbili hazijaisha: ta-ta-ta-ta. Fundi anapangusa mikono na kusema: «Biele imekufa. Tufungue motere.»

Wazo letu ni hili: koperative isitoe hata franka moja ya kufungua motere kabla fundi hajatuonyesha kelele inatoka wapi. Hatusemi mafundi ni wezi. Wengi wanafanya kazi ngumu bila vyombo vya kutosha. Lakini motere ya zamani ikishafunguliwa yote, piesi zake hazipatikani kila soko, na motere nyingi za namna ile zinaishia kuwa gunia la bulo chini ya kitanda cha mtu. Na pesa inayotoka si ya fundi wala ya prezida. Ni michango yetu.

Tuchukue mfano wa koperative moja ya milimani tuliyoitembelea. Gari yao ni Land Rover Series III ya esanse, silinda 4, lita 2,25. Ililala miaka tisa. Fundi aliomba pistoni, segma na kusineti zote. Kamati ilipopiga hesabu, ilikuwa pesa ya magunia 40 ya mbegu ya viazi, na mvua ilikuwa imekaribia. Wamama walikuwa wanangojea mbegu ile. Shofere mmoja mzee akasema: tusikilize kwanza.

Alichukua turnevisi ndefu, akaweka mpini kwenye sikio na ncha kwenye chuma cha motere, mbali na feni. (Kijiti kikavu kinafaa pia.) Chini, kwenye karteri, kelele ilikuwa ndogo. Juu, kwenye kifuniko cha supape, ilikuwa inapiga sikio. Alama ya kwanza ilikuwa hiyo. Alama ya pili ni mwendo wake. Chuma kinachosukuma supape kinazunguka mara moja wakati chuma kikuu, kile kinachozungushwa na pistoni, kinazunguka mara mbili. Kwa hiyo supape ikigonga inagonga polepole, nusu ya mwendo wa motere, na sauti yake ni nyepesi kama kijiko kwenye sahani. Biele iliyokufa sauti yake ni nzito, kama nyundo ndani ya pipa. Inasikika zaidi motere ikiisha kupata moto, na zaidi pale unapokanyaga kisha unaachilia.

Kisha wakajaribu buji. Unatoa waya wa buji moja, unasikiliza, unaurudisha, unaenda kwa nyingine. Waya unashikwa na kitambaa kikavu au koleo yenye mpini wa plastiki, maana umeme wake unarusha mtu. Ukitoa waya wa silinda fulani na ngumi ile nzito ikapungua sana, hapo biele au pistoni ya silinda ile inashukiwa kweli. Kwa Land Rover ile hakuna waya uliobadilisha kitu.

Basi wakafungua kifuniko cha juu tu, nati chache. Supape moja ilikuwa inashuka na kukawia kupanda, na fimbo inayoisukuma ilikuwa imepinda. Kazi yote ikawa kusafisha supape ile mpaka icheze, kuweka fimbo moja, na kupima nafasi ya supape zote: milimita 0,25 kwa motere ya aina ile. Mbegu ilinunuliwa.

Kwa nini supape inashikwa? Gari ikilala, mafuta yote yanashuka chini kwenye karteri na vyuma vya juu vinabaki vikavu. Huku kwetu milimani ukungu unaingia kila mahali, kutu inaota. Tena esanse ya zamani inakuwa nzito na kunata kama gundi, harufu yake inafanana na rangi ya mbao. Mukiwasha nayo, gundi ile inaenda kukaa kwenye shina la supape. Halafu sisi tunaongeza kosa la tatu: tunaita vijana ishirini wasukume gari kwenye mteremko! Supape imekwama, motere inalazimishwa, fimbo inapinda. Hatuelewi kwa nini watu wanapenda kusukuma namna ile wakati Land Rover ile iko na manivele yake.

Njia nzuri ni ya uvumilivu. Mumwage esanse ya zamani na mafuta ya zamani. Mutazame kichujio cha hewa, panya wanapenda kujenga humo. Mutoe buji zote, muweke kijiko cha mafuta safi katika kila silinda, muache mpaka kesho yake. Kisha muzungushe kwa manivele, mkono tu. Ikikataa, musilazimishe, muongeze mafuta na mungojee. Ikizunguka vizuri, mutumie bateri, buji zikiwa bado nje, mpaka taa ya mafuta izime. Hapo ndipo murudishe buji na kuwasha, milango ya hangari ikiwa wazi, maana moshi wa motere unaua mtu bila kelele.

Kuko wanachama wanaotuambia kwamba kusikiliza ni kupoteza wakati. Tunawajibu kwamba kelele nyingi baada ya usingizi mrefu si za ndani ya motere hata kidogo: juante ya eshapma inayopumua tsh-tsh, ambayo watu wanaichanganya na supape, pompi ya maji iliyokauka, puli iliyolegea. Mutoe kurua, muwashe kwa nusu dakika. Kelele ikipotea, motere haina kosa.

Lakini tusidanganyane. Ngumi nzito kutoka chini, na taa ya mafuta imekataa kuzima: zima palepale, usisikilize tena. Hapo fundi iko na haki, motere ifunguliwe au gari iuzwe. Na kuuza si haya. Koperative yenye hekta chache za kahawa pengine inahitaji pikipiki mbili kuliko Land Rover moja.

Kwa motere ya mazutu, mambo yanabadilika kidogo. Hakuna buji ya kutolea waya. Fundi analegeza nati ya bomba la enjektere moja moja, na kazi hiyo ni ya fundi peke yake, macho yamekingwa, kwa sababu mazutu ile inatoka kwa nguvu inayoweza kupasua ngozi. Tena mazutu inagonga kwa asili yake. Mtu aliyezoea esanse asiikatie hukumu haraka.

Tunaomba kila kamati iandike kwenye kitabu: kelele inasikika wapi, motere ikiwa baridi au moto, waya gani ulibadilisha kitu, nani alisikiliza. Fundi aweke sahihi hapo kabla ya kutaja bei ya piesi. Na kama gari inarudi kulala mpaka mavuno, mafuta yabadilishwe kabla ya kuifunga, si baada, maana mafuta yaliyotumika yanakula kusineti polepole.