Kikapu cha Simu



Siku chache zilizopita nilialikwa kula chakula cha jioni katika nyumba moja ya hapa Mabanga. Nyumba yenyewe ni ya mbao, imesimama juu ya mawe meusi ya volkano kama nyumba nyingi za mtaa wetu. Ni safi, na wenyeji wake ni Wakristu wema wasiokosa Misa ya Dominika. Mama alileta ugali, sombe na sambaza za ziwani. Papa alifanya ishara ya msalaba, tukasali, tukanawa mikono, tukaanza kula. Mara kukawa kimya kikubwa.

Kimya hicho hakikuwa cha watu wanaofurahia chakula. Kijana wa kwanza alikuwa ameinamia simu yake, akitia tonge kinywani bila kulitazama. Dada yake alikuwa akicheka peke yake, wala hakuna aliyejua anachekea nini. Papa mwenyewe alikuwa akisoma habari za mji katika simu, na mama alikuwa akisikiliza sauti aliyotumiwa na rafiki. Mtoto wao mdogo, mwenye umri wa miaka sita hivi, hakuwa na simu. Alisema: «Papa, leo mwalimu amenisifu.» Hakujibiwa. Akasema tena, hakujibiwa. Mara ya tatu alinigeukia mimi mgeni, akanieleza mimi jinsi alivyosoma ukurasa mzima mbele ya wenzake bila kukosea hata neno moja. Nilimpongeza sana. Lakini moyoni niliona haya, kwa maana furaha ile ilikuwa mali ya baba yake, nami nilikuwa nimeipokea kama mtu apokeaye barua ya mwingine.

Wapenzi, msidhani nimeshika kalamu ili niitukane simu. Mtu wa Goma aitukanaye simu hana shukrani. Benki za mji wetu zilipofunga milango mwishoni mwa Januari 2025, baada ya vita kuingia mjini, ni kwa njia ya simu kwamba watu wengi walipokea fedha kidogo za kununulia unga na makala. Kwa simu tunajua kama ndugu zetu walio Beni, Kampala au Nairobi wangali wazima. Tena, katika simu mna jasho la watu wetu. Ndani yake hutiwa madini ya tantali yatokayo katika koltani, na koltani huchimbwa Rubaya, huko Masisi, mahali ambapo udongo umeporomoka si mara moja na kuwafunika vijana mashimoni. Kitu kilichopatikana kwa gharama ya namna hiyo hakifai kudharauliwa, wala hakifai kutumiwa kwa upuuzi.

Kanisa nalo halikuvichukia kamwe vyombo vya namna hii. Baba Mtakatifu Pio wa Kumi na Moja aliandika juu ya sinema mwaka 1936; Pio wa Kumi na Mbili akaandika juu ya sinema, redio na televisheni mwaka 1957. Tarehe 4 Desemba 1963 Mababa wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano walitoa hati yao juu ya vyombo vya kupashana habari, wakavihesabu miongoni mwa mambo ya ajabu ambayo akili ya binadamu, kwa msaada wa Mungu, imeyavumbua. Katika hati hiyo waliwakumbusha wazazi wajibu wao mzito wa kulinda mlango wa nyumba, ili lisiingie jambo la kudhuru imani na mwenendo mwema. Na vijana waliwashauri wawe na kiasi, na yale wanayoyaona na kuyasikia wayazungumze na walezi wao, ili wajifunze kuyapima.

Neno hilo la kuzungumza ndilo ninalotaka tulifikirie leo.

Wazee wetu wanakumbuka sinema za misioni. Katika miaka ya 1950, Padri Albert Van Haelst wa Shirika la Scheut alitengeneza huko Kasai filamu za kuchekesha za Matamata na Pilipili, na hapa Kivu Mapadri Weupe walikuwa na kazi yao ya filamu huko Bukavu. Kitambaa cheupe kilitundikwa uwanjani, mashine ya umeme ikanguruma, na watu wakaketi chini, wakubwa kwa wadogo. Sisemi kwamba nyakati zile zilikuwa njema kwa kila namna. Serikali ya kikoloni ndiyo iliyopima ni filamu gani Mwafrika aruhusiwe kuziona, kana kwamba mtu mzima ni mtoto mchanga. Lakini kitambaa kilikuwa kimoja na watazamaji walikuwa wengi. Aliyecheka alicheka pamoja na jirani yake. Aliyeogopa alimshika mama yake mkono. Na njiani, wakirudi nyumbani, watu walibishana: je, Pilipili alitenda vema? Je, Matamata alistahili lile lililompata? Hivyo filamu moja ilizaa maongezi ya juma zima.

Siku hizi kila mtu ana kitambaa chake cheupe kiganjani. Mtoto wa shule wa Mabanga anaweza kutazama filamu ya China, wimbo wa Nigeria na mpira wa Uingereza kabla ya kulala. Huo ni utajiri ambao wazee wetu hawakuuota. Lakini huutazama peke yake, chini ya blanketi, na asubuhi hakuna amwulizaye: «Mwanangu, umeona nini?» Akiona jambo jema, hana wa kushangilia naye. Akiona jambo baya, kama zile picha za maiti ambazo watu hupelekeana nyakati za vita, hana wa kumwambia: «Papa, naogopa.» Naye hubaki na picha hiyo moyoni kama mtu aliyemeza mfupa.

Simu ni chombo cha kusemezana. Ajabu ni kwamba chombo hicho hicho kinaweza kutuzuia tusisikilizane. Na kutosikiliza kuna gharama. Sisi wa Goma tunaijua vema kuliko watu wengi wa dunia.

Kumbukeni Nyiragongo. Juu ya mlima ule na kando yake wataalamu wa mji wetu wameweka vyombo vya kusikiliza ardhi, kama mganga asikilizavyo kifua cha mgonjwa. Vyombo hivyo hutuma habari zao kwa njia ya intaneti. Mwaka 2020 msaada wa fedha kutoka nje ulikoma, na kwa miezi kadhaa hapakuwa na fedha ya kulipia intaneti hiyo. Ni mwezi wa Aprili 2021 tu kazi ilipoanza kurudi. Fikirini, wapenzi: katika mji ambao kila jioni vijana hununua mega za kutazamia nyimbo, mlima wenyewe ulikosa mega za kutuambia hali yake! Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei 2021, mbingu ikawa nyekundu, na lava ikashuka mpaka Buhene. Watu wapatao thelathini walipoteza uhai katika msiba ule.

Siku zilizofuata ardhi ilitetemeka usiku na mchana, na alfajiri ya tarehe 27 Mei serikali iliamuru mitaa kumi ya mji ihame. Mabanga Kaskazini na Mabanga Kusini zilikuwamo. Mliokuwapo mnakumbuka barabara ya Sake siku ile: magari, pikipiki, chukudu, wagonjwa wakibebwa mgongoni, na watoto waliopotezana na wazazi wao. Mnakumbuka pia simu zetu. Huyu aliandika kwamba ziwa litapasuka saa ile ile. Yule akatuma picha ya moto wa nchi nyingine akisema ni wa kwetu. Nasi tulipokea na kupeleka, tulipokea na kupeleka, bila kuuliza. Ulimi hauna mfupa, walisema wahenga. Na kidole kinachobonyeza simu kina mifupa, lakini siku zile kilikuwa chepesi kuliko ulimi. Amri ya nane yatukataza kusema uongo. Haikutoa ruhusa kwa anayeupeleka uongo wa mwingine.

Lakini simu zile zile ziliwasaidia wazazi wengi kuwatafuta watoto wao. Mama alituma jina na rangi ya nguo, mtu wa Sake akajibu: «Yuko hapa, nimempa maji.» Chombo ni kile kile. Aliyeuliza, akasikiliza na kujibu, alifanya kazi ya Msamaria mwema. Aliyepiga kelele bila kusikiliza aliongeza hofu juu ya hofu.

Sasa narudi kwenye ile nyumba niliyoalikwa. Baada ya chakula nilimwambia baba yule, kwa heshima na polepole, yale niliyoyaona. Hakukasirika. Alikaa kimya, kisha akachukua kikapu cha mkewe cha kuwekea vitunguu, akasema: «Tangu kesho, chakula kikiletwa, simu zote zitalala humu mpaka tumalize Rozari. Yangu itakuwa ya kwanza.» Vijana walinung'unika. Nilidhani jambo lile lingedumu siku mbili.

Siku ya nne baba yule alikuja kwangu, uso wake umebadilika. Aliniruhusu kuwaeleza ninyi, bila jina. Jioni mbili za kwanza, alisema, walikula kama watu waliofiwa. Jioni ya tatu mtoto mdogo alieleza hadithi ya shule, na wote wakacheka. Ndipo kijana wa kwanza akaanza kulia. Alipoulizwa, akasema kwamba fedha ya shule aliyopewa hakuifikisha shuleni. Aliitia katika michezo ya kubeti matokeo ya mpira kwa simu. Mara ya kwanza alishinda kidogo, halafu akapoteza, halafu akabeti tena ili arudishe alichopoteza, mpaka fedha ikaisha yote. Kwa majuma matatu alikuwa akitoka nyumbani amevaa sare, akazunguka mjini mpaka saa ya kurudi. «Nilitaka kuwaambia,» alisema, «lakini kila nilipoinua macho, hakuna aliyenitazama.»

Baba yake aliniuliza: «Je, nivunje ile simu?» Nilimjibu kwamba simu ikivunjwa, jirani anayo nyingine. Kijana amekosa, naye lazima alipe. Sasa anabeba mawe ya ujenzi siku za Jumamosi ili kurudisha fedha hiyo kidogo kidogo, na baba amekwenda pamoja naye shuleni kusema kweli. Lakini majuma matatu yalipita mezani mwa nyumba ile, jioni kwa jioni, na siri ile ilikaa katikati ya sahani. Nyumba haikukosa upendo. Ilikosa dakika kumi za kusikilizana.

Ninyi wazazi, basi, nawaomba mambo mawili. La kwanza: wekeni kikapu, na simu ya papa itangulie. Mtoto hafuati amri ya baba anayeivunja. La pili: msiulize tu, «Unatazama nini?» kwa sauti ya askari. Ketini karibu na mtoto, mtazame naye filamu yake, hata kama hamwelewi kitu. Kisha mwulizeni nani alitenda vema na nani vibaya. Mtashangaa jinsi atakavyosema.

Na ninyi wanafunzi, msidhani utakatifu ni wa watu wasiojua mashine. Tarehe 7 Septemba 2025 Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Nne alimtangaza mtakatifu kijana Carlo Acutis wa Italia, aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15 tu. Alipenda kompyuta na aliijua sana. Aliitumia kukusanya na kuonyesha habari za miujiza ya Ekaristi. Alipenda pia michezo ya video, lakini husimuliwa kwamba alijiwekea kikomo cha saa moja kwa juma. Hakuiogopa mashine, wala hakukubali kuwa mtumwa wake. Nanyi, kabla ya kupeleka ujumbe wowote, jiulizeni: Je, ni kweli? Nani aliyeona? Utamsaidia au utamtisha anayeupokea? Kama hamna jibu, uacheni ufe mikononi mwenu.

Jumapili iliyopita nilimwona yule mtoto wa miaka sita mbele ya kanisa, ameshikwa mkono na baba yake. Aliniambia kwamba mwalimu amemsifu tena. Nikamwuliza: «Umemwambia papa?» Akanijibu kwa mshangao, kama mtu aulizwaye jambo la wazi: «Yeye ndiye nilimwambia kwanza.»

Mungu awabariki, na Bikira Maria azilinde nyumba zenu. Tutaonana juma lijalo, Mungu akipenda.