MASHAURI YA JUMA: Ukienda Likizo, Usiziache Mbio Zako

Mtumishi apatapo likizo yake ya mwaka hufunga mizigo, hununua zawadi za wazee, kisha hupanda gari kwenda kwao. Siku hizi wengi wetu tuna desturi ya kukimbia asubuhi kwa ajili ya afya, na viatu vya mbio navyo hutiwa katika mkoba. Nawauliza juma hili: je, viatu hivyo hurudi na matope, au hurudi safi kama vilivyokwenda?

Vyangu, mwaka juzi, vilirudi safi. Mimi ni karani Mombasa, na kwetu ni Shieywe, katika mji wa Kakamega. Nalianza kukimbia kwa shauri la daktari, ambaye alinipima akaona kwamba shinikizo la damu limepanda. Kwa miezi 10 nalikimbia asubuhi 4 kila juma, na shinikizo likashuka. Kisha ikaja Desemba, nikaenda nyumbani kwa majuma 3. Siku ya kwanza nalikuwa na uchovu wa safari. Siku ya pili walikuja wageni. Siku ya tatu shangazi alichinja kuku, na nani awezaye kuacha kuku wa shangazi akaenda mbio? Siku ya nne ilikuwa mvua. Bandu bandu huisha gogo. Niliporudi Mombasa nalisema moyoni kwamba nitaanza Jumatatu. Jumatatu hiyo ilifika mwezi wa Mei, baada ya daktari kunipima tena, akaziandika hesabu zake, akanitazama bila kusema neno.

Yafaa tufahamu ni kitu gani kilichopotea. Majuma 3 ya kukaa bure hayamalizi nguvu za mtu. Ni kweli kwamba pumzi huanza kupungua baada ya siku 10 hadi 14 hivi, lakini mtu akirudia mazoezi, nayo hurudi. Nilichopoteza mimi ni saa yangu. Kule Mombasa, alfajiri ilipofika, miguu yangu ilikuwa ikishuka kitandani bila kuniuliza. Baada ya likizo ilianza kuniuliza, nami sikukosa udhuru wa kuijibu.

Basi mwenye kusafiri hana haja ya kufanya mazoezi yake yote. Mwaka 1981, huko Marekani, mtaalamu Robert Hickson na mwenzake walieleza habari za watu waliofanya mazoezi makali siku 6 kila juma, kisha wakapunguza siku zao hadi 4 au 2. Kwa muda wa majuma 15 pumzi yao haikupungua, maadamu kila siku ya mazoezi walijitahidi kama kwanza, na kwa muda ule ule. Tena Shirika la Afya Duniani, katika mashauri yake ya mwaka 2020, lilisema kwamba mtu mzima akifanya mazoezi ya nguvu kwa dakika 75 kila juma, amefikia kiasi cha chini kinachotakiwa. Piga hesabu mwenyewe: dakika 25, mara 3. Ni nani asiyeweza kuzipata katika likizo? Lakini mwenye maradhi asiongeze mazoezi bila kumwuliza daktari wake, wala asiache dawa zake kwa kuwa anakimbia.

Kwa mashauri hayo nalikwenda tena Shieywe Desemba iliyofuata, na haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, pumzika, lakini uweke mpaka. Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nami nalijipa siku 2 za kulala, kula na kusalimu jamaa. Siku ya tatu nalivaa viatu.

Pili, shika asubuhi. Kakamega i karibu na mstari wa Ikweta, na jua lake huchomoza kama saa kumi na mbili na nusu, mwaka mzima bila tofauti kubwa. Mvua ya huko hupenda kunyesha alasiri, na wageni nao huja alasiri. Mwenye kuahirisha mbio zake mpaka jioni atashindwa na moja kati ya hayo mawili.

Tatu, usiogope hewa ya kwetu. Mombasa ni ufuoni mwa bahari, lakini Kakamega ni juu, kama mita 1,500, ambako hewa ni nyepesi. Mtu wa pwani atahema mapema, adhani kwamba amekuwa mgonjwa. Sivyo, na apunguze mwendo. Hata mabingwa hupatwa na jambo hili. Mwaka 1968, katika mji wa Mexico ulio juu kama mita 2,240, Kipchoge Keino wetu, aliyezoea hewa ya milimani, alimshinda Jim Ryun wa Marekani katika mbio za mita 1,500. Na husimuliwa kwamba siku ile gari lilikwama katika msongamano, naye akashuka akakimbia kwa miguu mpaka uwanjani. Hakukubali safari imvunjie kazi aliyoijia.

Nne, jihadhari na barabara. Pikipiki ni nyingi, na matrekta ya miwa hayana haraka ya kumpisha mtu. Fuata vijia vya udongo, na ukilazimika kupita barabara kuu, kimbia upande wa kulia ili uyaone magari yanayokuja mbele yako.

Jambo la tano lilinipa fedheha. Asubuhi ile ya kwanza nalimpita mzee mmoja, jirani yetu, akiwa langoni anatoa ng'ombe wake. Nalikuwa natazama saa ya mkononi, sikumsalimu. Kabla ya adhuhuri habari zilimfikia mama. Akaniita, akasema, "Mwanangu, wanauliza kama tumefiwa, au kama umeiba. Mtu mzima hukimbia bila salamu kwa sababu gani?"

Nalikwenda kwa mzee kumwomba radhi. Nalimweleza habari ya damu yangu, na ya daktari, na jinsi nilivyozembea mwaka uliotangulia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kukimbia si kosa, kijana. Lakini salamu ina uzito gani hata ukashindwa kukimbia nayo?"

Tangu siku ile, kila nilipofika langoni pake nalipunguza mwendo, nikasema, "Mulembe, mzee," naye akaitikia. Hazikuzidi nukta 10. Asubuhi moja, baada ya mvua kubwa ya usiku, nalijigeuza kitandani nikasema kwamba leo nitapumzika. Kisha nikakumbuka kwamba mzee yuko langoni. Nikatoka, nimechelewa, matope yananifika vifundoni. Akanitazama, akasema, "Leo jua limekutangulia."

Wasomaji wangu, mimi nalidhani watu wa nyumbani ndio walioniharibia mbio zangu mwaka wa kwanza. Kumbe kosa lilikuwa langu, kwa kuwa nalitaka kukimbia kama mtu asiye na kwao. Ukienda likizo, waambie wazee wako ni kwa nini unakimbia. Wakijua, watakungoja, na mtu anayengojwa hulala kwa shida.

Viatu vyangu vilirudi Mombasa vyekundu kwa udongo wa Shieywe. Sijavisafisha hata leo.