Kabla ya Usaili wa Kampuni ya Dawa
Kijana aliyesomea takwimu Egerton, pale Njoro, akiitwa usaili wa uchambuzi wa data katika kampuni ya dawa Nairobi, hukesha akikariri algorithimu. Ningemwambia aiweke Python kando kidogo, ajiulize: mgonjwa aliyeacha kuhudhuria majaribio ya dawa katikati ahesabiwe vipi? Akimfuta kwenye jedwali, huenda amemfuta yule yule aliyedhurika, na dawa itaonekana salama kuliko ilivyo. Pengo kama hilo lipo pia nje ya majaribio: Kenya imekuwa ikikusanya takwimu za vituo vya afya kwa mfumo wa kompyuta wa DHIS2 tangu 2011. Zahanati moja ya Marigat isipotuma ripoti ya malaria, haimaanishi kwamba wagonjwa ni sifuri. Vyeti vya mtandaoni havifundishi kuyasoma mapengo hayo vizuri kuliko karani wa rekodi hospitalini. Amtafute huyo kwanza.