TAHARIRI: WENYE KAMPUNI WAKIWA WENGI, NANI ATALIPA UZEENI?



Liko swali ambalo kila mfanyakazi wa reli na wa bandari hapa Kisumu apaswa kulijua jibu lake mapema, kabla halijamfika mlangoni. Swali ni hili: kampuni ikiwa mali ya wengi kwa pamoja, shirika la serikali lina fungu lake na tajiri wa nje ana lake, kisha ikapewa kuendesha stesheni au gati, je, kampuni hiyo ni mwajiri anayebanwa na sheria ya akiba ya uzeeni? Ama kila mwenye fungu aweza kumnyoshea mwenzake kidole, na karani wa tikiti, mfagiaji na mpakizi wakabaki katikati, mikono mitupu?

Jibu letu ni fupi. Kampuni hiyo ni mwajiri, na italipa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haiulizi hisa ni za nani. Inasema kuwa mwajiri ni mtu, shirika la umma au kampuni yo yote iliyofanya mkataba wa kazi na mfanyakazi, hata wakala wake, meneja wake na msimamizi wake wamo. Basi aliyekuandika kazi ndiye mwajiri wako, hata akiwa na mabwana kumi nyuma yake. Naye, kwa Sheria ya NSSF ya mwaka 2013, hukata asilimia 6 ya mshahara unaohesabiwa, na kuongeza asilimia 6 yake mwenyewe. Zile siku za shilingi 200 kwa 200 zilikwisha Februari 2023, michango mipya ilipoanza kukatwa.

Nchi nyingine zimekutana na swali hili zamani. Huko Kansas City, Marekani, stesheni kubwa iliyofunguliwa mwaka 1914 ilijengwa na kampuni moja iliyokuwa mali ya kampuni 12 za reli. Je, watu wa stesheni ya namna hiyo ni watu wa reli? Sheria ya pensheni ya reli ya nchi ile iliandikwa wazi: kampuni inayomilikiwa au kuongozwa na kampuni za reli, nayo yafanya kazi inayohusu usafiri wa reli, ni mwajiri kama wao. Waliandika hivyo ili tajiri asipate kuunda kampuni ndogo pembeni na kuwatupa humo wafanyakazi wake, mbali na pensheni ya wenzao.

Lakini, ndugu, msishangilie upesi. NSSF ni jambo moja, na mfuko wa pensheni wa shirika ni jambo jingine. NSSF yamfuata kila mwajiri kwa nguvu ya sheria. Mfuko wa shirika haumfuati mtu ila imeandikwa hivyo. Mtu aliyetumika miaka 20 katika shirika, kisha akahamishiwa kampuni mpya, atakatiwa NSSF bila shaka. Je, ile miaka 20? Hapo ndipo watu wetu walipoumia.

Sisi wa Kisumu twaijua mali ya pamoja kuliko wengi. Tangu mwaka 1948 reli na meli za ziwa hili zilikuwa chini ya shirika moja la Afrika Mashariki, mali ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Baharia wa Kisumu alifika Mwanza na Port Bell akiwa chini ya mwajiri yule yule. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Meli ziligawanyika kwa urahisi: MV Uhuru ikabaki Kenya, MV Umoja na MV Victoria zikabaki Tanzania. Lakini miaka ya mtu haifungwi gatini kama meli. Wakubwa walibishana mpaka tarehe 14 Mei 1984, ndipo mkataba ukatiwa sahihi Arusha, baada ya kazi ndefu ya msuluhishi Victor Umbricht wa Uswisi. Mali na madeni yakagawanywa: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Ikakubaliwa pia kila nchi iwalipe raia wake pensheni na haki zao walizokuwa wamezichuma hadi tarehe 30 Juni 1977.

Angalieni: ilipita miaka 7 kabla ya neno hilo kuandikwa. Na hata kuandikwa hakukutosha. Wastaafu wa Jumuiya nchini Tanzania walilazimika kwenda mahakamani mwaka 2003, miaka 26 tangu kuvunjika. Wapiganapo fahali, ziumiazo nyasi.

La pili ni la juzi juzi. Novemba 2006 reli za Kenya na Uganda zilikabidhiwa kampuni ya Rift Valley Railways, yenye wenye hisa wa nchi mbali mbali, kwa miaka 25. Wafanyakazi wengine waliondolewa, wengine wakachukuliwa na mwajiri mpya. Haikufika miaka 25. Mwaka 2017 mkataba ulikatizwa na kazi ikarudi kwa Shirika la Reli la Kenya. Yaani mtu mmoja, akifanya kazi ile ile juu ya reli ile ile, aliweza kuandikiwa barua tatu za waajiri ndani ya miaka 11.

Wakati ule wa 2006 ndipo ulipoundwa mfuko wa wastaafu wa Shirika la Reli, ukapewa ardhi na nyumba za reli ziwe mtaji wake. Lakini ardhi hailiwi. Ili mzee alipwe, lazima ardhi iuzwe au ikodishwe, na ndani ya nyumba mna watu. Huko Muthurwa, Nairobi, shauri lilifika Mahakama Kuu, na mwaka 2013 ikaamuliwa kuwa haki za wapangaji zilivunjwa. Mstaafu na mpangaji, wote watu wa jasho, wakasimamishwa wakitazamana, na deni lilikuwa la mwajiri.

Kwa hiyo, ikiwa kesho stesheni yetu, gati letu au karakana itapewa kampuni ya ubia, twataka mambo matatu kabla mtu hajatia sahihi.

Kwanza, jina la mwajiri liandikwe katika barua ya kazi, pamoja na mfuko wa pensheni utakaotumika. Sheria ya Ajira yataka mambo hayo yaandikwe.

Pili, miaka ya zamani ihesabiwe. Barua itaje tarehe ambayo utumishi wako ulianza, ikiwemo ile ya mwajiri wa kwanza, na fedha za miaka hiyo ziwekwe mfukoni siku ya kuhamishwa. Hatutaki ahadi, wala viwanja vyenye kesi.

Tatu, michango ifike. Mwajiri anayekata mshahara asipeleke amevunja sheria. Tena jueni hili: mwanachama wa NSSF hana haki ya yale malipo ya utumishi anayolipwa asiye na mfuko anapoachishwa kazi. Basi mchango usipofika, mwanachama amepoteza huku na huku.

Nanyi mna kazi yenu. Wekeni kila hati ya mshahara na kila barua. Ulizeni NSSF hesabu yenu sasa, mngali kazini, msingoje siku ya kustaafu. Pengo likionekana, lileteni ofisi ya chama mara moja, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Kampuni na iwe ya watu wawili au ya nchi tatu, hayo ni ya wenye hisa. Jasho ni letu, na lazima lihesabiwe.

UMOJA NI NGUVU.